Kisu cha Kutwa na Ankara Yake

Mgonjwa anayelazwa hospitalini hulipa akitoka; mgonjwa anayepasuliwa na kurudi kwake siku ile ile hulipa akiingia. Aliyenifundisha tofauti hii, bila ya kukusudia kufundisha, ni mjomba wangu wa Shinyalu, ndugu wa mama, ambaye sisi Waluhya humwita khotsa, mzee wa miaka sitini na ushei, mkulima wa mahindi na, kwa mapenzi yake, mfugaji wa fahali wa kupigana. Mwaka uliopita alishikwa na ngiri iliyokuwa ikimtokeza kinenani mfano wa yai kila alipokohoa au alipovuta kamba ya mnyama wake, na baada ya miezi mingi ya kuificha kwa haya, kama wazee wengi waifichavyo, alikubali hatimaye nimpeleke hospitali moja ya binafsi pembezoni mwa mji wa Kakamega.

Daktari aliyempima alikuwa mtu wa maneno machache na mikono ya upole. Alimweleza kwamba ngiri ile haikuwa ya dharura, walakini haiponi kwa dawa wala kwa mkanda. Kwamba angepasuliwa asubuhi, na kabla ya jua kutua angekuwa kwake anakunywa uji. Mjomba, ambaye tangu utoto wake alizoea kwamba hospitali ni mahali pa kwenda na godoro la akili, yaani kwa nia ya kukaa, alifurahi kupita kiasi. Furaha hiyo ilidumu mpaka dirisha la keshia.

“Mzee, SHA yako iko sawa?” aliuliza binti wa dirishani, akikusudia bima ya afya ya serikali, macho yake yakiwa kwenye kompyuta.

“Iko sawa, binti yangu. Walikuja wakaniandikisha mpaka nyumbani.”

“Ni kweli umeandikishwa. Jina lako ninaliona, na la mama, na ya watoto. Lakini hujalipa.”

“Si walisema ni bure?”

“Dispensari ndiyo bure, mzee. Upasuaji unalipiwa. Kama ni keshi, weka elfu ishirini kwanza, ndiyo upangiwe siku ya thieta.”

Mjomba hakujibu. Alitazama nje ya dirisha kwa kitambo kirefu, nami nikajua kwamba anamfikiria fahali.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza, kwa watu wa hospitali, kwa mawakala wa bima na kwa majirani waliokwisha kupita katika njia hiyo, mambo ambayo mtu wa kawaida angepaswa kuyafahamu kabla ya kusimama mbele ya dirisha kama lile. Na maadamu upasuaji wa namna hii unazidi kuenea katika nchi yetu, naona si vibaya kuyasimulia.

Kwanza jina lake. Wataalamu huuita upasuaji wa mgonjwa wa nje. Mimi nauita upasuaji wa kutwa, kwa sababu umo ndani ya kutwa moja, kuanzia alfajiri ambayo mgonjwa hufika bila ya kula wala kunywa, hadi alasiri ambayo hutoka akishikwa mkono. Maradhi yanayoukubali ni mengi kuliko watu wanavyodhani: ngiri, busha, mtoto wa jicho, mafindofindo ya watoto, uvimbe mdogo chini ya ngozi, kufunga kizazi kwa akina mama, na tohara. Mengine hufanywa kwa ganzi ya mahali pamoja tu, hata mgonjwa akazungumza na mpasuaji huku kisu kikifanya kazi. Mengine huhitaji nusukaputi, na hapo ndipo gharama inapopanda.

Jambo lenyewe si geni duniani. Mwaka 1909 daktari mmoja wa Glasgow, James Nicoll, aliwaeleza wenzake wa chama cha madaktari wa Uingereza kwamba alikuwa amewapasua watoto karibu 9,000 bila ya kuwalaza, wengi wao watoto wa maskini, akawarudisha mikononi mwa mama zao siku ile ile, kwa hoja kwamba mtoto mchanga hana muuguzi bora kuliko mamaye. Ilipita miaka sitini hivi ndipo madaktari wawili wa Phoenix, Marekani, Wallace Reed na John Ford, walipofungua mwaka 1970 nyumba maalumu ya upasuaji wa kutwa peke yake, na moja ya taabu zao za mwanzo ilikuwa ni bima, kwa kuwa mikataba ya zama zile iliandikwa kwa ajili ya mtu aliyelala kitandani, na aliyekwenda nyumbani kwa miguu yake alionekana kana kwamba hakuugua.

Wala si geni Kakamega. Kisu cha kutwa ndicho kisu cha kwanza tulichokijua sisi, maana mvulana wa jando hukatwa asubuhi na jioni hiyo yumo katika nyumba ya wenzake akiuguza kidonda. Nalitaja hili kwa sababu moja ambayo itarudi mbele: mkataji alijulikana, na ujira wake ulijulikana kabla ya kisu kunolewa. Hakuna baba aliyeambiwa baadaye kwamba jani la kufungia kidonda lina hesabu yake mbali.

Sasa tuje kwenye fedha. Neno bima lilitufikia kutoka Bara Hindi pamoja na wafanyabiashara wake, na asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya hofu; nami sijaona jina lililomfaa mwenyewe kuliko hilo, kwa sababu anayelipa bima huuza hofu yake kwa wengi ili asiibebe peke yake. Kenya ilianza biashara hiyo ya hofu kwa sheria mwaka 1966, ilipoundwa Bima ya Taifa ya Hospitali, ambayo kila mtu aliijua kwa herufi zake, NHIF. Mwanzoni ilikuwa ya waajiriwa wenye mshahara wa shilingi 1,000 kwa mwezi au zaidi. Mwaka 1972 mlango ukafunguliwa kwa watu wa kujiajiri waliotaka kuingia kwa hiari. Na mwaka 1998 ikatolewa katika wizara na kufanywa shirika linalojitegemea. Neno hospitali katika jina lake halikuwa la bure. Kwa miongo mingi NHIF ilikuwa ni bima ya kitanda: ukilazwa, inalipa, ukitibiwa na kwenda, shauri lako.

Oktoba 2023 zilitiwa sahihi sheria mpya za afya, na mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF ikaondoka na Mamlaka ya Afya ya Jamii ikashika mahali pake, hiyo ambayo sokoni Lubao hakuna aiitaye kwa urefu wote huo bali husema SHA, kwa silabi moja, kama mtu anayefukuza kuku. Chini yake imewekwa mifuko mitatu, na mtu asiyeipambanua mifuko hii atakuwa katika hali ya mjomba wangu siku zote. Wa kwanza ni mfuko wa huduma za afya ya msingi, unaojazwa na serikali, na ndio unaolipia zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, ambako aliyeandikishwa hutibiwa pasipo kutoa kitu. Wa pili ni mfuko wa bima ya afya ya jamii, unaojazwa na michango yetu sisi, na ndio unaolipia hospitali za ngazi ya 4, ya 5 na ya 6. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu na mazito, ambao huchukua mzigo pale kiwango cha mfuko wa pili kinapokwisha. Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Kaunti ya Kakamega, ambayo wazee bado huiita ya mkoa, ni ya ngazi ya 5. Kwa hiyo kisu cha ngiri, kikiwa cha kutwa au cha kulala, aghalabu kimo katika mfuko wa pili, nao haufunguki kwa jina peke yake. Hufunguka kwa mchango.

Hapa ndipo penye fitina. Kuandikishwa na kulipa ni mambo mawili, lakini kampeni ilipopita vijijini, na wahudumu wa afya wa jamii wakaenda nyumba kwa nyumba na simu zao, mengi yaliyosikika ni ya kuandikishwa, na mtu akishapokea ujumbe wa kumpongeza kwa kusajiliwa, ana haki gani ya kutilia shaka? Nimekutana na waendesha bodaboda, mama wa mboga na hata mwalimu mstaafu mmoja ambao waliamini kwa nyoyo zao zote kwamba wana bima kamili, ilhali walichokuwa nacho ni ufunguo wa nyumba ambayo hawajaipangisha. Anayetaka kujua hali yake hana haja ya kusubiri augue. Hubonyeza *147# kwenye simu yoyote, hata ile ya tochi, akasoma kilichoandikwa mbele ya jina lake.

Mchango wenyewe ni asilimia 2.75 ya mapato. Kwa mwajiriwa hukatwa kila mwezi na mwajiri, na hesabu yake ni nyepesi: mwenye mshahara wa shilingi 20,000 hukatwa 550, ambapo NHIF ilimkata 750; mwenye 100,000 hukatwa 2,750, ambapo zamani hakuzidi 1,700. Angalau kwa mara hii, basi, mnyonge alipunguziwa na mwenye uwezo akaongezewa, na sijasikia wanyonge wakilalamikia sehemu hiyo. Lakini wengi wa watu wa Kakamega hawana mshahara. Hao hukadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba na riziki yao, paa ni la nini, sakafu ni ya nini, choo ni cha namna gani, chakula hupikwa kwa kuni au kwa gesi, na kutokana na majibu hayo hutolewa kima cha mwaka. Kima cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hulipwa kwa mkupuo wa miezi kumi na miwili, yaani 3,600 kwa mara moja. Chini ya NHIF mtu wa kujiajiri alilipa 500 kwa mwezi, 6,000 kwa mwaka. Kwa hesabu ya mwalimu wa darasa la tano SHA ni rahisi zaidi. Kwa hesabu ya mtu anayepata fedha yake ya kwanza ya mwaka mahindi yanapovunwa, 500 ya leo huweza kupatikana na 3,600 ya leo ikawa muhali. Serikali ililiona hilo, na mwaka 2025 ikaleta utaratibu wa mkopo uitwao Lipa SHA Pole Pole, ambao humlipia mtu mwaka mzima naye akarejesha kidogo kidogo. Ni dawa, ingawa ni ya ajabu: nchi iliyotaka kuwaepusha watu na madeni ya hospitali imewapa deni la bima.

Mjomba hakukopa huko. Mke wake, ambaye alikuwa amenyamaza tangu tulipotoka hospitalini, alisema jioni ile, akimenya viazi vitamu, kwamba chama chao cha wanawake hukutana Alhamisi na kwamba hajakopa tangu Pasaka. Ijumaa asubuhi fedha ilikuwa katika simu. Baada ya siku chache tu jina la mzee lilikuwa na rangi nyingine kwenye kompyuta ya yule binti, na fahali akabaki zizini.

Hata hivyo mchango ukishalipwa shauri linakuwa limefika nusu tu, na nusu ya pili ndiyo inayoonekana kwa wachache. Mfuko haulipi ankara yoyote itakayoandikwa. Hulipa bei iliyopangwa kwa kila namna ya upasuaji, na kabla ya kulipa hutaka hospitali iombe idhini. Daktari huandika ugonjwa na upasuaji anaoukusudia, mgonjwa huthibitisha kwamba ni yeye (mwanzoni ilikuwa ni kwa namba za siri zilizoletwa kwenye simu, baadaye ikawa ni kwa alama za vidole), maombi yakapelekwa, na idhini ikarudi. Isiporudi, au ikirudi kwa upasuaji wenye jina jingine, mgonjwa aliyekwisha kupasuliwa ndiye atakayetafutwa. Mtu aliyelazwa huweza kusubiri idhini kitandani siku mbili. Mtu wa kutwa hana siku mbili, kwa hiyo idhini yake sharti iwe imefika kabla hajatoka nyumbani bila ya kunywa chai. Kumpigia simu mtu wa ofisi ya bima ya hospitali jioni ya kuamkia siku yenyewe, na kumwuliza kwa adabu, “Idhini ya mzee wangu imefika?” ni dakika moja inayookoa safari nzima ya Shinyalu hadi mjini, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi.

Kisha ni ankara. Nilimwomba mjomba aniachie karatasi zake zote, nikazitandaza mezani, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba upasuaji mmoja una ankara tatu. Ya katikati ndiyo kubwa: chumba cha upasuaji, ujira wa mpasuaji, ujira wa mtu wa nusukaputi, dawa na nyuzi na glovu, na kitanda cha saa chache za kuzindukana. Hiyo mfuko uliilipa kwa bei yake iliyopangwa. Lakini kabla yake palikuwa na ankara ya wiki iliyotangulia, ya kumwona daktari, kupima damu na sukari, na kupima mwendo wa moyo kwa sababu ya umri wake. Na baada yake palikuwa na ya kubadilisha bandeji na kutoa nyuzi. Hizo mbili, kwa vile zilifanywa siku nyingine, na kwa vile mgonjwa wa nje katika hospitali kubwa mara nyingi hujilipia mwenyewe, zilitoka mfukoni mwetu mia kwa mia, elfu kwa elfu, bila ya mtu kutuambia jumla yake. Na hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo. Kosa letu, kama ni kosa, ni kwamba tulidhani tumenunua kitu kimoja.

Baadaye muuguzi mmoja alinieleza jambo ambalo ningelipenda kulijua mapema: kwamba baadhi ya vipimo vya awali, na ubadilishaji wa bandeji, huweza kufanywa katika kituo cha afya cha karibu, kile cha ngazi ya 3 ambacho mfuko wa kwanza unakilipia, iwapo kina maabara na iwapo mpasuaji anakubali matokeo yake. Linahitaji kuulizwa, halisemwi lenyewe.

Ndani ya ankara ya katikati napo palikuwa na mstari mmoja uliosimama peke yake: wavu. Ngiri ya mtu mzima, mara nyingi, hazibwi kwa uzi tu. Huwekwa kipande cha wavu laini chini ya misuli ili nyama isipasuke tena pale pale. Hospitali ilisema bei iliyopangwa haitoshi kununua wavu waliouzoea wao, na kwamba mgonjwa huuongezea. Shilingi 8,500. Tuliambiwa hayo saa moja asubuhi, mjomba amekwisha kuvaa lile vazi jepesi linalofungwa mgongoni, na katika hali hiyo ni nani angesema “Ngoja nikafikiri”? Nililipa. Hata leo sijui kama kulikuwa na wavu wa bei nafuu uliofaa vile vile, na siwalaumu kwa kuutumia waliouamini. Nawalaumu kwa saa waliyoichagua kunieleza. Jambo lililojulikana wiki nzima huambiwa mtu akiwa na suruali.

Kuhusu bima za binafsi nitasema machache, maana wenye nazo Kakamega ni hasa watumishi wa kampuni na wafanyakazi wa mashirika, nao huwa na mtu wa kuwaeleza. Hati ya bima ya namna hiyo huwa na mafungu mawili yanayotofautishwa kwa ukali, fungu la kulazwa na fungu la mgonjwa wa nje, na la pili ndilo dogo. Upasuaji wa kutwa husimama mpakani. Kampuni nyingine huuhesabu katika fungu la kulazwa ijapokuwa hakuna aliyelala, na hilo ni jema kwa mgonjwa. Nyingine huuhesabu katika la nje, na akiba ya mwaka mzima ya familia ikaisha kwa jicho moja la baba. Swali la kumwuliza wakala ni hilo hilo, kwa maneno hayo hayo: upasuaji wa kutwa unatoka fungu gani? La pili la kumwuliza ni kipindi cha kungojea, kwa kuwa ngiri ni maradhi ambayo mtu anayo kwa muda mrefu kabla ya kupasuliwa, na mikataba mingi haiwalipii waliojiunga juzi kwa ugonjwa waliokuja nao.

Na hiyo amana ya elfu ishirini? Niliichukia siku ile, na bado siipendi, lakini nimekwisha kufahamu inakotoka. NHIF ilipokufa iliacha madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 kwa hospitali za nchi hii, na SHA nayo katika miezi yake ya mwanzo ilichelewesha malipo hata Februari 2025 chama cha hospitali za binafsi za mijini na mashambani kikatangaza kwamba wanachama wake watawataka wagonjwa walipe taslimu. Hospitali ndogo isiyolipwa miezi minne haina kwa kukimbilia. Hununua gesi ya nusukaputi kwa fedha, hulipa mshahara kwa fedha, basi hutafuta fedha kwa aliye karibu. Aliye karibu ni mzee wa Shinyalu. Upande wa serikali palikuwa na maradhi mengine: kwa miaka mingi zile shilingi zilizokusanywa kwenye dirisha la hospitali ya kaunti zilikwenda katika akaunti kuu ya kaunti, na hospitali ikabaki kuomba fedha yake yenyewe kununua pamba, mpaka ilipopitishwa, katika Oktoba ile ile ya 2023, sheria ya kuziruhusu hospitali za umma kutumia kile zinachokusanya.

Nimeulizwa na zaidi ya mtu mmoja kama hospitali inaruhusiwa kudai fedha kabla ya kutibu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, na inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Neno ni dharura. Ngiri inayoingia na kutoka haikuingia katika neno hilo. Ngiri iliyokwama, yenye maumivu makali na matapishi, imo, na mwenye nayo hapaswi kusimamishwa dirishani hata dakika. Kadhalika Mahakama Kuu, mwaka 2015, kwa hukumu ya Jaji Mumbi Ngugi katika shauri la wanawake wawili waliozuiliwa hospitalini Pumwani baada ya kujifungua kwa kukosa ada, ilisema kumfungia mtu kwa sababu ya deni la matibabu ni kuvunja haki zake. Hukumu hiyo ilimkomboa mgonjwa wa kulala. Kwa mgonjwa wa kutwa haina mengi, kwa maana yeye hazuiliwi ndani, huzuiliwa nje.

Asiye na kitu kabisa asidhani kwamba njia zote zimefungwa. Katika hospitali za umma yupo afisa wa ustawi wa jamii, aghalabu katika ofisi ndogo mwisho wa ukumbi, ambaye kazi yake ni kusikiliza na kupendekeza kupunguziwa au kusamehewa ada, na ambaye hufikiwa kwa barua ya chifu au ya kanisa na kwa ukweli. Wengi humwendea baada ya kupasuliwa, wakati deni limekwisha kuandikwa. Ningeshauri aonwe kabla. Ama harambee ya familia, ile ya kundi la simu ambalo binamu wa Nairobi hutuma mia tano na wa ng'ambo hutuma salamu, ina baraka zake, ila hufaa zaidi ikiwa na ankara ya makadirio iliyopigwa muhuri na kupigwa picha, kwa kuwa watu hutoa kwa moyo mweupe zaidi wanapoona wanalipia nini.

Makadirio hayo ya maandishi ndiyo kitu ambacho nilishindwa kukiomba siku ya kwanza, kwa kuona haya. Nilidhani ni kumshuku daktari. Kumbe hospitali huyatoa kila siku kwa wenye bima za kampuni, wala hakuna anayekunja uso. Karatasi moja yenye jina la upasuaji, kila kilichomo, kila kisichokuwamo, na kile mgonjwa atakachoongeza. Lau tungekuwa nayo, wavu ungeonekana mapema, tena ukiwa na bei.

Mjomba alipasuliwa saa tatu asubuhi. Saa tisa alasiri alikuwa ameketi kitandani anakula andazi, akilalamika kwamba chai ya hospitali haina maziwa, na saa kumi na moja tulikuwa Khayega tukitafuta gari lisilo na haraka, kwa sababu daktari alikuwa amekataza bodaboda. Alikatazwa pia kunyanyua kitu kizito au kuvuta kamba kwa wiki sita, jambo lililomwuma kuliko kisu.

Siku ya kumi tulirudi kwa ajili ya nyuzi. Binti wa dirishani alikuwa yule yule, na alimkumbuka.

“Mzee, pole sana. Leo ni mia tatu tu.”

Mjomba alitoa noti zake, akazihesabu, akaziweka juu ya meza bila ya kuondoa mkono wake.

“Mia tatu ya nini, binti yangu?”

“Ya dressi, mzee. Kusafisha kidonda na bandeji.”

“Niandikie hivyo.”

Binti alicheka, akaandika, akapiga muhuri. Mzee aliisoma ile stakabadhi kwa utulivu, akaikunja mara mbili, na tulipofika nyumbani aliitia katika kopo la mafuta ya Kimbo ambamo huweka kadi za ubatizo za watoto na cheti cha chanjo cha fahali. Jumamosi iliyofuata alikuwa ukingoni mwa uwanja, fimbo mkononi, akimpigia kelele mpwa wangu kwamba kamba haishikwi namna ile.